Kipaimara cha Mzee Maana-Yake

Jumapili, 3 Septemba

Leo nimemfinya mume wangu kanisani mpaka vidole vikaniuma, na hakuinuka.

Ilikuwa hivi. Mchungaji ametangaza kwamba mwaka huu usharika utafanya Kipaimara cha Dhahabu, siku moja na kipaimara cha watoto. Waliopata miaka hamsini iliyopita au zaidi wasimame tuwaone. Tukasimama wazee kwa wazee, kila mmoja kashikilia benchi la mbele yake. Dada yangu kasimama na kofia yake kubwa. Mimi nimesimama. Mzee wangu amekaa tu, anasoma karatasi ya matangazo — yeye, mzee wa kanisa! Mtahini wa darasa la kipaimara! Yeye ambaye watoto wa usharika mzima wanamwita Mzee Maana-Yake, kwa sababu ukimsomea sentensi mbili lazima akuulize maana yake nini. Nikadhani kasinzia. Nikamfinya. Akasema polepole bila kuinua macho: "Mama, mimi sikupata."

Nikamnong'oneza, hukupata nini? Karatasi ya matangazo si unayo?

"Kipaimara. Sijawahi kupata."

Hapohapo kinanda kikaanza. Nimeimba beti zote nne bila kujua naimba nini.

Jumatatu, 4 Septemba

Chai. Yeye anasawazisha sukari ya kijiko kwa kisu, kama kila siku — alikuwa mkaguzi wa mizani kwa miaka yote ya kazi yake na kustaafu hakujamsaidia. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu kwamba sikumuuliza.

Sikumuuliza! Nani humuuliza mtu anayekwenda Meza ya Bwana kila mwezi kama ana kipaimara cha kumruhusu? Nani humuuliza mtahini kama ametahiniwa? Nikamwambia, umewatoa jasho watoto wa watu miaka yote hii. Akasema, "Mimi nilikuwa nauliza tu. Sijawahi kujibu." Tena kwa sauti ya mtu mwenye haki.

Naandika yote ili hasira zipungue. Usharika wetu uliwahi kupasuka vipande viwili, na mimi na mzee tumetoka kila mmoja kipande chake. Upande wetu ulikuwa na kengele, majoho, na katekisimu, kile kitabu cha mafundisho, kwa kichwa, neno kwa neno, ukikosea hata kiunganishi unarudia mwaka. Upande wao ulikuwa uamsho. Walisali majumbani, walitubu kwa sauti jirani akisikia, na kengele hawakuitaka. Sisi tukawaita Wasebule. Wao wakatuita Wakengele. Mpiga kengele alikuwa baba yangu, na nasikia siku za maombi yao aliipiga mpaka kamba ikapata moto.

Kiongozi wa Wasebule alikuwa baba mkwe wangu, seremala, Mungu amrehemu. Mabenchi ya kanisa aliyachonga yeye, kisha akayaacha akaenda kusali kwenye stuli. Kisa chenyewe: siku moja ya mtihani wa kipaimara watoto walikariri kitabu kizima bila kosa. Akamuuliza mmoja, sasa wewe mwenyewe unaamini nini? Mtoto akasema hilo halimo kitabuni. Baba mkwe akasimama mbele ya wote akasema imani haikaririwi, na kwamba kwa mtindo huu hata kasuku atapata kipaimara. Mwaka uliofuata akamtoa mwanawe darasani, mtihani ukiwa wiki ileile. Huyu huyu wangu. Baraza likamtenga baba mkwe na Meza ya Bwana, na sebule yake ikajaa watu.

Miaka ikapita, wakapatana. Walipeana mikono mlangoni mwa kanisa, watu wakalia sana. Sasa hapo ndipo pa kuchekesha. Wakengele walidhani Wasebule walikuwa na kipaimara chao hukohuko sebuleni. Wasebule walidhani ule mkono ulitosha. Kila upande uliogopa kuuliza usije ukaamsha ugomvi. Vijana wao wengine walikuwa wameshapata kabla ya mpasuko, au walihama. Akabaki mmoja. Nikaolewa naye mimi. Mchungaji aliyetufungisha alimuuliza tu yeye ni Mkristo wa wapi, akajibu wa kwa mzee seremala, basi.

Nilipomaliza kucheka akaniambia lililobaki. Siku alipotolewa darasani baba yake alimwahidisha: kwamba hatakariri kamwe ili aruhusiwe Mezani. "Nikamwambia ndiyo, baba. Nilikuwa na miaka kumi na minne." Akasema kukaa kimya miaka yote hakukuwa uongo, lakini kusimama jana kungekuwa uongo. Kwa hiyo hakusimama. Na kwa kuwa sasa imejulikana, Mezani hataenda bila kipaimara.

Bila kipaimara haendi. Bila kukariri hapati. Kukariri hawezi. Huyo ndiye mume wangu.

Alhamisi, 7 Septemba

Mchungaji amekuja jioni. Ni mwanamke, rika la kitinda mimba wetu, anavaa raba chini ya joho akidhani hatuoni. Alikaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyeitwa kwa mkuu wa shule. Akasema, baba, hili jambo dogo. Pita ofisini Jumanne, nitakuwekea mikono, tutaomba, yataisha, hakuna atakayejua.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamweleza habari za mizani. Kwamba alipoikuta mizani dukani haina muhuri, mwenye duka alikuwa anaapa kwa mama yake kuwa inapima sawasawa. Na mara nyingi ilikuwa inapima sawasawa kweli. Lakini yeye hakuwahi kugonga muhuri kwa huruma. Ilikwenda kupimwa kama nyingine zote.

Mchungaji akauliza, na ikikataa kupimika?

"Inakaa stoo."

Mchungaji akanitazama mimi, mimi nikatazama birika. Ningesema nini? Mtu akileta nyama ya kilo, anaipima tena jikoni kabla ya kuosha mikono.

Nilipomsindikiza getini aliniuliza kama huyu baba huwa anacheka. Nikamwambia ndiyo, mara mbili kwa mwaka, ila hatangazi tarehe.

Jumapili, 17 Septemba

Leo ilikuwa Meza ya Bwana.

Tuna utaratibu wetu. Yeye anatangulia, mimi nafuata, tunapiga magoti kushoto, karibu na dirisha lenye kioo kilichopasuka. Mzee anapumua kwa kelele puani, tangu ujana. Siku zote inanikera, tena nimemwambia. Leo nimepiga magoti pale nikawa naisikilizia ile kelele, haipo. Aliyekuwa kando yangu ni mtunza hazina wa usharika, ambaye anapumua kistaarabu. Nikalia. Mtunza hazina akadhani nimeguswa na mahubiri, akanipa leso.

Nilipogeuka kurudi nikamwona mzee amekaa benchi la nyuma kabisa. Ndipo alipokuwa anakaa baba yake. Baba mkwe siku ya kupatana mkono alitoa, lakini Mezani hakurudi tena. Alikaa nyuma pale mpaka anafariki, na mama mkwe akawa anakwenda mbele peke yake Jumapili baada ya Jumapili, mgongo umenyooka. Sisi mabinti wa Kengele tulikuwa tunamcheka kwamba anaringa.

Hakuwa anaringa. Leo nimejua. Unanyoosha mgongo kwa sababu unajua kuna mtu anakutazama kutoka nyuma na huwezi kumsaidia. Mimi sitaki. Nasema wazi hapa, mahali pasipo na mtu wa kunisikia: namtaka mume wangu kando yangu, na kelele zake za pua.

Jumanne, 19 Septemba

Amejiandikisha darasa la kipaimara! Kwa hiari yake, foleni moja na watoto. Uzee wa kanisa ameuweka pembeni kwa muda, na utahini pia.

Nikamuuliza, na ahadi ya baba? Akasema kusikiliza si kukariri. Na siku ya mtihani je? Akasema bado iko mbali. Huyu ni mtu ambaye ameshapanga nani abebe jeneza lake kwa urefu, mfupi na mfupi, mrefu na mrefu. Leo ndiyo anajua kusema jambo liko mbali.

Dada amepiga simu, habari imeshamfikia. Samaki hukunjwa angali mbichi, akasema, huyu wenu ameshakauka, mtamvunja. Nikamwambia ashughulike na kofia zake.

Jumamosi, 30 Septemba

Nimepita darasani kwa kisingizio cha kuchukua viti viwili. Nilichokiona sitakisahau.

Amekaa dawati la mbele, kwa sababu masikio si yale ya zamani, na nyuma yake safu nzima haioni ubao. Magoti hayaingii chini ya dawati, kwa hiyo kakaa upande, kama mtu anayesubiri kinyozi. Penseli kaichonga pande zote mbili. Juu ya ukuta picha ya Luther, mashavu yamejaa, anamtazama kwa mashaka.

Mchungaji anasema watoto walikaa wima wiki ya kwanza nzima. Walidhani ni mtego. Wiki ya pili wakaanza kumbembeleza awape maswali ya mtihani, kwa kuwa ni yeye aliyeyatunga. Kakataa. Ana maswali yote na majibu yote kichwani, na amekaa nayo kimya.

Anayekaa naye dawati moja ni binti wa fundi viatu, yule ambaye kila mtu anamwita Kiherehere. Anarudia darasa. Aliyemwangusha mwaka jana ni nani? Mzee wangu! Alimuuliza ni nani anayestahili kuja Mezani. Mtoto akajibu: "Mwenye njaa." Kanisa zima likacheka, mimi mmojawapo. Kesho yake, Jumapili ya kipaimara, ikaja desturi yetu: kila mtoto akifika mbele, mchungaji anamuuliza mtahini kwa sauti, huyu yuko tayari? Mtahini anasema yuko tayari. Kama hayuko tayari, hasemi hapana. Ananyamaza tu, na mtoto anarudi kukaa. Mzee akanyamaza. Kiherehere akarudi kukaa na gauni lake jeupe. Gauni nilikuwa nimelishona mimi.

Na leo wamekaa bega kwa bega. Mzee akapiga chafya. Kiherehere akamgeukia, mpole kabisa: "Babu, maana yake nini?"

Darasa zima likaanguka kicheko. Mzee alitazama dirishani muda mrefu sana. Nadhani alikuwa anacheka. Sina ushahidi.

Jumatano, 18 Oktoba

Baraza la wazee limekaa. Mtahini mpya anatakiwa, wa zamani amegeuka mwanafunzi. Wamenichagua mimi, eti kwa sababu nimefundisha Shule ya Jumapili miaka mingi.

Nikawaambia, jamani, yule ni mume wangu. Mtunza hazina akasema ndiyo maana. Hakuna aliye na mazoezi ya kumuuliza maswali magumu kama mimi. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mchungaji akasema kama naona vigumu niseme. Sikusema. Mkuki kwa nguruwe, bwana! Miaka yote nimekaa nyumbani namsikia akijisifu jinsi alivyombana mtoto wa fulani.

Lakini njiani furaha ikaniishia. Nimefikiria vizuri. Asipojibu, atakayenyamaza Jumapili ile mbele ya watu ni mimi.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimewapima watoto wote majoho, nikamaliza na mkubwa wao. Amekuja na futi yake mwenyewe. Anasema yangu imevutika kwa uzee. Nikamwambia si futi tu. Kasimama katikati ya chumba cha cherehani, mikono kainyoosha, kabana tumbo. Nikamwambia pumua, baba watoto, Jumapili utapumua. Akapumua. Nikaongeza kitambaa.

Baba mkwe alichukia majoho kuliko kengele. Nilisema hivyo bila kufikiri, pini ziko mdomoni. Nikaona bora niulize palepale, hawezi kukimbia na pini kwapani. Nikamuuliza: siku ya mtihani nikikuuliza, utajibu?

"Wewe uliza."

Nikamwambia kitabu chote anakijua. Usingizini anakisema chote, neno kwa neno, mwanzo hadi mwisho, wiki mbili sasa. Nikamwambia basi asinzie mbele ya baraza, yaishe. Akasema hiyo haihesabiki. Kisha akasema, bila utani, kwamba kila akifungua kinywa kujibu anamwona baba yake amekaa nyuma, mikono mapajani. "Alinyimwa Meza kwa ajili ya neno lile, mama watoto. Nikilikanyaga, alinyimwa bure."

Nikasema na mimi je? Mimi nitakuwa napiga magoti na mtunza hazina mpaka lini?

Nikapinda upindo. Umepinda vibaya, itabidi nifumue.

Jumamosi, 25 Novemba

Mtihani umefanyika. Ni alasiri. Yuko uani anafagia pasipo na taka. Niandike kabla sijamrushia kitu.

Watoto wamejibu vizuri. Kiherehere amejibu neno kwa neno, nukta kwa nukta, macho juu darini, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za sabuni. Hakuna pa kumshika. Mtunza hazina akapiga makofi.

Akaja mzee. Kanisa limejaa, watu ambao hata Krismasi huwaoni leo wamekuja kuona mtahini akitahiniwa. Nilikuwa nimechagua swali jepesi, la amri. Nikafungua kinywa, sijui nini kikaniingia, nikamuuliza lile lake: ni nani anayestahili kuja Mezani?

Jibu lake analijua kila mtu pale, hata aliyelala. Watoto wengine walikuwa wanamwonyesha kwa midomo. Akatazama nyuma, benchi la mwisho, ambalo leo lilikuwa limejaa watu. Kisha akanitazama mimi akasema, naandika kama alivyosema:

"Sijui anayestahili. Mimi nimekuja miaka yote hii sistahili, na sijawahi kurudishwa. Nilidhani ni kwa sababu hakuna aliyejua. Siku hizi nadhani aliyenialika alikuwa anajua."

Hakuna aliyecheka. Mchungaji alishika kitambaa cha madhabahu akawa anakinyoosha, na kilikuwa kimenyooka. Mtunza hazina akasema kwa upole kwamba ni maneno mazuri lakini hayamo kitabuni. Mwingine akasema hata baba yake alianza hivyohivyo. Minong'ono. Mimi moyo umejaa, nipo tayari kusema jibu limekubaliwa tena tufunge kwa sala.

Ndipo Kiherehere akasema, bila kuitwa, kwamba mwaka jana yeye alisema kitu hichohicho, ila kwa kifupi.

Ni kweli. Niliona jinsi ilivyomfikia mzee. Akamgeukia yule mtoto akasema, "Kweli. Nilikukosea." Mbele ya wote! Mtu ambaye kwangu hajawahi kukosea hata njia. Mchungaji akasema uamuzi ni wa mtahini, atautoa kesho mahali pake, kama desturi.

Njiani ndio akaniambia. Kesho ninyamaze. Kipimo ni kimoja. Mtoto wa watu alirudishwa kukaa kwa jibu lile, amepoteza mwaka, na yeye hawezi kupita kwa jibu lilelile kwa kuwa mtahini anampikia. Nikamwambia umeshamwomba msamaha. Akasema msamaha haumrudishii mwaka. Nikamwambia mwaka ujao utasema nini? Akasema mwaka ujao ataketi tena dawatini. Na mwaka wa tatu? Akasema pia.

Nimekasirika. Nimekasirika kweli. Nimesubiri miezi hii yote apate neno la kusema ambalo halimvunji baba yake, amelipata, zuri kuliko kitabu, na sasa hataki kulitumia. Anafagia. Vumbi lote linaingia ndani kwangu.

Jumapili, 26 Novemba

Asubuhi amevaa joho lenyewe bila neno. Limemkaa vizuri. Akasema, "Usisahau." Nikamuuliza nisisahau nini. "Kunyamaza." Dada alikuwa ameshafika kutuchukua. Akasema akinyamaza huyu atakuwa mke wa kwanza ukoo mzima kunyamaza alipoambiwa.

Naandika kanisani, kiti cha mtahini, pembeni ya mimbari. Daftari liko ndani ya kitabu cha nyimbo. Kati ya mtoto na mtoto wanaimba ubeti mmoja, namshukuru aliyetunga wimbo mrefu.

Watoto wa kwanza wamepita. Mchungaji anauliza, huyu yuko tayari, mimi nasema yuko tayari, wanapiga magoti, anawawekea mikono. Sauti yangu imekwaruza mara moja tu.

Nimekuwa nikifikiri juu ya kipimo chake kimoja. Kinanisumbua. Miaka yote hiyo nimemsikia mezani akisimulia: mizani mbovu ikigunduliwa, huwezi kuendelea kuitumia eti kwa kuwa wateja wa jana walipimiwa nayo. Unaitengeneza siku hiyohiyo. Unaanza na aliyeko mbele yako. Kwa nini hili sikulisema jana njiani? Siku zote majibu yangu huja na kesho yake.

Ubeti mwingine. Sasa Kiherehere. Nimesema yuko tayari kwa sauti mpaka kinanda kimeshtuka. Amewekewa mikono. Alitakiwa arudi kukaa, hajarudi. Amesimama palepale kando ya mzee, kamshika mkono wa joho, na fundi viatu huko nyuma anamfanyia ishara arudi na yeye anajifanya haoni.

Ubeti wa mwisho. Mzee ndiye aliyebaki. Ananitazama. Anatikisa kichwa taratibu, mara moja: usiseme. Mchungaji naye ananitazama, raba zake nyeupe zinachungulia. Wanamalizia mstari.

Nimempa dada, aliye benchi la mbele, mkoba wangu anishikie. Mtu wa umri wake akishapiga magoti hainuki peke yake, nitahitaji mikono yote miwili.